Chatu Aliyetapika Milo ya Julai: Kisa cha Joto la Kizimba Lang'ata

Kila kifaa katika kizimba hiki kilikuwa kizima. Mkeka wa joto ulipasha, themostati iliuwasha na kuuzima inavyotakiwa, balbu iliwaka asubuhi na kuzimwa jioni, na kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kilisoma nyuzi 30. Nyoka alikuwa anatapika. Kisa cha namna hii kinasumbua kwa sababu unatafuta kilichoharibika hukipati, na usipokipata unaanza kumshuku nyoka mwenyewe, kisha panya, kisha aliyekuuzia panya.

Mwenye nyoka ni kijana anayeishi Lang'ata, Nairobi, nyumba ya chini, na huwaonyesha wanafunzi nyoka wake. Kibali anacho. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa Kenya huwezi kujiwekea nyoka nyumbani kwa kupenda tu: sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali kutoka KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na chatu wote, wa kwetu na wa kigeni, wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Asiye na karatasi aanzie huko kabla ya kununua hata balbu.

Nyoka ni jike wa Python regius, chatu mfupi wa Afrika Magharibi na ya Kati ambaye akiogopa hujiviringa akaficha kichwa katikati. Ana urefu wa mita 1.2 hivi, na mwezi wa Mei alikuwa na gramu 1,400. Tangu Januari alikula panya mmoja kila wiki mbili bila tatizo. Juni ilipoingia na mawingu yake akakataa mlo mmoja, akakataa wa pili. Hapo bado hapakuwa na la kutisha. Chatu wa aina hii hufunga wapendavyo, hasa miezi ya baridi, na mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na uzito usipungue sana. Nimeona watu wakihangaika kumlisha kwa nguvu nyoka ambaye hana lolote, na kumletea ugonjwa ambao hakuwa nao.

Kutapika ni habari nyingine. Mwanzoni mwa Julai alikula, na asubuhi ya siku ya tatu panya akakutwa kando ya bakuli la maji. Kijana alikuwa na akili ya kumpiga picha kabla ya kumtupa, na picha hiyo ilisaidia kuliko maelezo yote yaliyofuata. Nyoka humeza panya kwa kuanzia kichwani. Huyu panya kichwa na mabega vilikuwa vimelainika na manyoya kunyonyoka, tumbo limevimba kwa gesi, lakini miguu ya nyuma na mkia vilikuwa kama vya panya aliyekufa jana. Maana yake ni kwamba tumbo la nyoka lilianza kazi, likaisimamisha katikati. Panya akaanza kuoza badala ya kusagika, na mwili ukafanya jambo la busara, ukamtoa.

Baada ya wiki moja kijana akamlisha tena, panya wa ukubwa uleule. Safari hii alitapika siku ya pili, na siku chache baadaye vikaonekana vipovu vidogo puani, nyoka akawa analala ameinua kichwa na kukiegemeza kwenye ukuta wa kioo. Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

Swali langu la kwanza lilikuwa joto, naye akaja juu kidogo. "Kaka, joto si shida," akaniambia, akanitumia picha ya kipimajoto: 30. Nikamuuliza imepigwa saa ngapi. Saa nane mchana. Na kipimajoto kimebandikwa wapi? Kwenye kioo, upande wa balbu, karibu na juu. Basi tulikuwa tunajua joto la kioo, chini ya balbu, saa ya joto kuliko zote. Saa kumi na moja alfajiri kulikuwaje pale chini nyoka anapolala, hakuna aliyejua.

Kizimba chenyewe kilikuwa tangi la kioo la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, mfuniko wa wavu wa chuma. Chini yake, kwa nje, mkeka wa joto umefunika theluthi moja ya sakafu, na kitambuzi cha themostati kimebanwa kati ya mkeka na kioo, kimewekwa nyuzi 32. Juu ya wavu kulikuwa na balbu ya wati 60, ya mchana tu. Tangi limewekwa juu ya vigae, limeegemea ukuta wa nje. Juu ya dirisha kuna yale matundu ya hewa yasiyofungika ambayo nyumba nyingi za Nairobi zinayo. Anayeijua Lang'ata ya Julai, ile baridi inayoteremka kutoka upande wa Ngong, anaona tayari mambo yanaelekea wapi.

Tuliweka vipimajoto vya kidijitali vyenye waya na vinavyotunza kiwango cha juu na cha chini. Kimoja juu ya sakafu palipo na mkeka, kimoja hewani upande wa joto kwa kimo cha mgongo wa nyoka, kimoja upande wa baridi, na kimoja nje ya tangi, chumbani. Mchana hapakuwa na la kushangaza: chumba 22, upande wa baridi 24, hewa ya upande wa joto 29, sakafu 33. Alfajiri ndiyo iliyosema. Chumba kilikuwa kimeshuka hadi 15. Upande wa baridi 16 na nusu. Hewa ya upande wa joto 19. Na sakafu juu ya mkeka? 32, kama ilivyoagizwa.

Themostati ilikuwa inatii amri iliyopewa. Iliulizwa habari za sakafu, ikajibu habari za sakafu. Mkeka wa namna hii hupasha kinachougusa, na hewa haiugusi sana. Ukichanganya na kioo, ambacho hupitisha joto haraka kuliko mbao, na wavu juu ambako hewa ya moto hupandia na kutoka, unapata mahali ambapo nyoka analala tumbo kwenye nyuzi 32 na mgongo kwenye 19. Ni kuota jiko uwanjani: mbele unaungua, nyuma unatetemeka.

Python regius anahitaji upande mmoja wenye nyuzi 31 hadi 33, mwingine 25 hadi 27, ili achague mwenyewe, na usiku hewa isishuke chini ya 24 hivi. Kwao, kuanzia Senegali na kuendelea mashariki, hujificha kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa ambamo joto halipandi wala kushuka kwa fujo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Nyoka wetu wa hapa, kama yule mdogo wa kahawia anayeingia majumbani kuwinda panya, amezaliwa na baridi hii. Huyu mgeni hakuzaliwa nayo.

Kwa nini basi tangi hilohilo lilifaa Januari hadi Mei? Kwa sababu chumba kilikuwa kinafanya kazi ambayo kila mtu alidhani inafanywa na mkeka. Mkeka na balbu haviwekei tangi joto fulani, vinaliongezea nyuzi kadhaa juu ya zile za chumba. Chumba kikiwa na 23 usiku wa Februari, ukiongeza nne unapata 27, na nyoka yuko sawa. Kikiwa na 15, ongeza hizohizo nne. Hapa ndipo miongozo ya ng'ambo inapowapotosha wafugaji wa Nairobi, na si kwamba imeandikwa vibaya. Mwandishi wa Uingereza au Marekani anaandikia nyumba yenye mfumo wa kupasha joto, ambayo katikati ya majira ya baridi kali haishuki sana chini ya 18 au 20. Hana sababu ya kulitaja hilo, kama sisi tusivyotaja kwamba nyumba ina paa. Kifurushi cha tangi, mkeka na balbu kimepimwa kwa nyumba ile. Kwetu nyumba ya mawe haina kitu cha kuipasha, na usiku wa Julai inakaribia baridi ya nje. Kwa hiyo swali la kwanza la mfugaji wa hapa lingekuwa chumba chake kinashuka hadi nyuzi ngapi alfajiri, kabla ya kuuliza anunue hita ya wati ngapi.

Sasa kwa nini baridi ya usiku itapishe chakula kilicholiwa mchana? Joto la mwili wa nyoka ni la pale alipo, na usagaji wa chakula ni kazi ya vimeng'enya ambavyo baridi huvizorotesha. Tena kwa chatu kusaga mlo si kazi ndogo. Tafiti juu ya chatu wa Burma zimeonyesha kwamba akishameza, matumizi yake ya oksijeni hupanda mara nyingi na utumbo mwembamba unakaribia kuongezeka uzito maradufu katika siku mbili za kwanza. Injini inayowashwa hivyo haiwezi kuzimwa kila siku ifikapo saa mbili usiku na kuwashwa tena saa tatu asubuhi. Bakteria walio ndani ya panya, kwa upande wao, hawahitaji nyuzi 32 kuozesha. Kumi na tisa zinawatosha.

Vipovu vya puani navyo vina asili yake humohumo. Baridi hudhoofisha kinga ya nyoka, na mapafu yake hayana namna ya kukohoa makohozi kama yetu. Kulikuwa pia na jambo la unyevu ambalo kijana hakulitarajia, kwa kuwa Julai kila kitu Lang'ata kinaonekana kimelowa. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi 30 bila kuiongezea maji, inabaki na unyevu wa theluthi moja hivi. Chatu huyu anataka kama asilimia 60. Kwa hiyo mchana, chini ya balbu, alikuwa anavuta hewa kavu, na usiku hewa baridi. Vipande vya ngozi kuukuu vilivyobaki mkiani baada ya kujivua mara ya mwisho vilikuwa vimeshasema hivyo, ila hakuna aliyevisoma.

Kabla sijafika alikuwa ameshashauriwa apandishe mkeka hadi 38. Ushauri huo unatolewa sana, na ni hatari. Nyoka hatambui vizuri joto linalomchoma tumbo, hulala palepale mpaka magamba yabadilike rangi. Huyu wetu tayari magamba machache ya tumboni yalikuwa mekundu kidogo, kwa kuwa alikuwa anang'ang'ania sakafu ya mkeka usiku kucha. Nyuzi sita zaidi sakafuni zingeongeza labda moja hewani na kidonda tumboni.

Usiku wa kwanza hatukununua kitu. Tangi liliondolewa kwenye vigae na ukuta wa nje, likapelekwa chumba cha ndani kisicho na dirisha, likawekwa juu ya ubao na magazeti. Pande tatu zikafunikwa na karatasi za povu lile jeupe linalokuja na masanduku ya televisheni, kwa nje, na blanketi juu yake mbali na balbu. Robo tatu ya wavu ikazibwa kwa foili, robo ikaachwa hewa ipite. Alfajiri hewa ya upande wa joto ilisoma 23. Kutoka 19, bila wati moja ya ziada.

Siku iliyofuata akaenda kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia, na hapa sitaki mtu adhani joto pekee lingetosha. Vipovu na kichwa kilichoinuliwa ni dalili za maambukizi ya njia ya hewa, na hayo yanataka dawa iliyopimwa na mtu mwenye ujuzi. Ila antibayotiki kwa nyoka aliyepoa haifanyi kazi inavyopaswa, kwa kuwa mwili unaisambaza na kuiondoa kwa mwendo usio wake. Daktari alilisema hilo kabla sijalisema mimi: kwanza mpashe, na asishuke chini ya 26 usiku hadi dozi iishe.

Kizimba kipya kilitengenezwa na seremala wa mtaani, plaiwudi ya milimita 18, sentimita 120 kwa 60 kwa 50, mlango wa kioo wa kuteleza mbele, na matundu ya hewa machache, ya chini upande mmoja na ya juu upande wa pili. Vanishi iliachwa ikauke mpaka harufu ikaisha kabisa. Ndani, darini, ikafungwa hita ya kauri ya wati 100, ile isiyotoa mwanga, ikazungushiwa kizuizi cha wavu, maana chatu hupanda na kujiviringa kwenye chochote chenye joto. Mkeka uliondolewa. Kitambuzi cha themostati kikafungwa hewani upande wa joto, kwa kimo cha mgongo wa nyoka akiwa amejikunja, kando kidogo na hita ili kisipigwe moja kwa moja. Kuhamisha kitambuzi hicho kutoka chini ya kioo kuja hewani ndiyo tiba ya kisa hiki, mengine yote yaliisaidia.

Themostati aliyoitumia ni ya aina inayouzwa kwa wenye mashine za kuangulia vifaranga, ya bei nafuu, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli, Nairobi. Wapo watakaoguna. Kwa mkeka au hita ya kauri inatosha, mradi uhakikishe imeandikwa inabeba wati zako kwa volti 240 na umweke fundi wa umeme aifunge. Kwa balbu haifai, kwa sababu kuwashwa na kuzimwa kila dakika kunaiua na kumsumbua nyoka. Kile kipimajoto cha kubandika kilitupwa, vikabaki viwili vya waya. Bastola ya kupimia joto kwa mbali nayo ni nzuri, lakini inasoma uso wa kitu tu, na ukiielekeza kwenye kioo inakupa joto la kioo.

Yakawekwa maficho mawili yanayofanana, moja kila upande. Watu hulipuuza hili. Chatu akiwa na maficho upande wa baridi pekee, atachagua usalama na kuacha joto, na utakuwa umejenga kizimba kizuri ambacho hakitumii.

Chakula kilisubiri. Baada ya kutapika mara mbili, tumbo limepoteza asidi na maji mengi, na kulisha mapema huleta kutapika kwa tatu, ambako huua. Aliachwa wiki mbili na nusu na maji safi tu, bila kushikwa ovyo, ingawa uzito ulikuwa umeshuka hadi gramu 1,260 na kijana alikuwa anaona huruma. Mlo wa kwanza ulikuwa panya mdogo, nusu ya ukubwa wa kawaida, na nyoka hakuguswa kwa siku nne. Hakutapika. Choo kilipotoka, kijana alinitumia picha yake kwa furaha ambayo watu wa nje ya ufugaji huu hawawezi kuielewa. Mlo wa tatu ndio uliorudi ukubwa wa kawaida.

Tulibishana jambo moja. Yeye alikuwa amesikia kwamba usiku joto lishuke hadi 20 kama porini, ili nyoka asidekezwe. Mimi sioni faida. Nyoka wa porini anayeona hewa ya 20 ana shimo lenye joto zaidi la kuingia, na akishindwa kusaga panya hakuna wa kumpigia simu. Aliyefungiwa ndani ya mita moja na ushei hana pa kuhamia. Mzima, asiye na chakula tumboni, 22 kwa usiku mmoja haitamdhuru. Aliyekula juzi namtaka kwenye 25 kwenda juu.

Limebaki suala la stima. Ile hita ya wati 100 huwaka karibu nusu ya muda usiku wa baridi, pungufu mchana, kwa hiyo mwezi unakula kama uniti 30. Kuipasha tangi la kioo hadi joto hilohilo kungetaka wati 150 bila kupumzika, zaidi ya uniti 100, na hapo mbao zimeshajilipia. Stima ikipotea, sanduku hupoteza nyuzi mbili au tatu kwa saa mbili za kwanza, na mpango ni chupa mbili za lita tano za maji moto, zimefungwa taulo, ndani upande wa joto, blanketi juu, na mlango usifunguliwe kuchungulia. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani. Monoksidi ya kaboni itamwua nyoka, na kabla yake au baada yake, mwenye nyoka.

Mwishoni mwa Agosti alipimwa tena: gramu 1,370. Ngozi ilitoka nzima kutoka puani hadi mkiani. Usomaji wa chini kabisa wa upande wa joto kwa mwezi mzima ulikuwa 27, usiku ambao chumba kilisoma 14.